Nyekundu Haina Sauti

Wazazi wangu, shikamooni. Na nyie wa rika langu, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa dakika kumi na tano, akanishika bega na kuniambia, "Waeleze ulivyopata neema ya kurudi kazini." Mwenyekiti, nakuheshimu sana, lakini hilo neno neema lisimame peke yake? Neema ilikuwepo, sikatai. Ubishi nao ulikuwepo, tena mwingi, na huo ndio nimekuja kuusimulia.

Kwa wasionijua, mimi sioni. Surua ilipita kijijini kwetu, kule Chamwino, nikiwa na miaka minne, ikaondoka na macho yangu. Nilisoma shule ya wasioona, nikaendelea mpaka chuo, nikasomea kompyuta. Najua mnajiuliza nawezaje. Kompyuta yangu ina programu inayosoma kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini. Nasikiliza, nachapa. Naisikiliza kwa kasi mpaka jirani yangu ofisini anasema ni kama kuku wanagombana. Basi, ni hivyo tu.

Kampuni niliyoajiriwa iko hapa mjini, inatunza mifumo ya zahanati: miadi ya wagonjwa, majibu ya maabara, hesabu ya dawa. Kompyuta zinazohifadhi vitu hivyo si zetu. Tunazikodi, ziko nchi za mbali, watu wanaziita wingu. Sasa ukitaka kujenga kitu huko huendi na nyundo. Unaandika maagizo: nataka ghala la majibu, nataka mlango hapa, mlinzi akae pale. Kuna programu, sisi tunaiita maktaba, inasoma maagizo hayo na kujenga yenyewe. Ila kabla haijagusa chochote inakueleza kwanza inachotaka kufanya. Hiki kitaongezwa. Hiki kitabadilishwa. Hiki kitafutwa. Maneno yenyewe ni ya Kiingereza, mimi nawatafsiria. Halafu inakuuliza: ndiyo au hapana?

Miaka mitatu nililijibu swali hilo karibu kila siku. Sikuwahi kubomoa kitu ambacho sikukusudia kubomoa.

Likaja toleo jipya la ile maktaba. Matoleo hutoka mara kwa mara, na kila moja huja na maelezo ya kilichobadilika. Niliyasoma yote. Kulikuwa na mstari mmoja unasema: "Muonekano umeboreshwa." Ndugu zangu, nawaambia, niliuruka. Muonekano unanihusu nini mimi?

Ulinihusu. Walikuwa wameyaondoa yale maneno. Kitakachoongezwa sasa kilionyeshwa kwa rangi ya kijani, kitakachobadilishwa kwa njano, kitakachofutwa kwa nyekundu. Inapendeza, waliniambia baadaye. Na nyekundu haina sauti. Programu yangu inasoma maandishi, rangi haisomi.

Ilikuwa Jumanne, saa sita mchana. Niliweka toleo jipya, nikaiuliza inataka kufanya nini. Sauti ikanisomea majina matupu. Jina, jina, jina, halafu: ndiyo au hapana? Sikuja hapa kujisafisha, kwa hiyo nawaambia na hili: nilisita. Nilijua kuna kitu kimepungua. Mwenzangu alikuwa meza ya pili, ningesema tu, "Kaka, niangalizie." Lakini siku hiyo nilikuwa nimeshamwita mara mbili, na mara ya pili alishusha pumzi kabla ya kusimama. Sisi pumzi tunazisikia. Nikasema moyoni, leo simsumbui mtu. Nikachapa ndiyo.

Toleo lile lilikuwa limebadili jina la ghala letu la majibu ya maabara. Na kwa kompyuta, kitu chenye jina jipya ni kitu kingine. Cha zamani kinabomolewa, kipya kinajengwa, kitupu.

Simu zilianza kabla sijamaliza chai yangu. Nakala ya akiba tulikuwa nayo, lakini ya jana yake jioni. Majibu yote ya asubuhi ile, kutoka kila zahanati tunayoihudumia, yalikuwa yamekwenda. Na daftari la karatasi, sisi wenyewe ndio tuliowaambia watu wa zahanati waachane nalo. Kwa hiyo akina mama wajawazito waliopimwa damu asubuhi wakaitwa warudi wachomwe sindano tena. Wengine walikuwa wameshatembea kurudi kwao, mbali, juani. Hilo sitalisahau, na sitaki mtu anisaidie kulisahau.

Kesho yake tuliitwa chumba cha mikutano. Mkuu wa kitengo akageuza skrini, nikasikia kiti chake kinasogea.

"Dada, mbona iko wazi? Mstari mwekundu huu hapa."

"Umeandikwaje?"

"Haujaandikwa kitu. Ni mwekundu tu."

"Basi mimi ningeujuaje?"

Nikasikia anairudisha skrini upande wake. Halafu akasema, kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: "Hakuna anayekulaumu. Ila kazi hii inahitaji macho. Tutakuhamishia mapokezi, upokee simu. Wenzako wengi wasioona wanafanya vizuri pale."

Mniwie radhi, sidharau kazi ya simu. Wapo humu ukumbini waliosomesha watoto kwa kupokea simu. Lakini mimi sikuomba simu. Nilifundishwa kujenga, nikajenga miaka mitatu, halafu siku moja ikatosha kunifanya nisiwe nimewahi kujua kitu.

Na kuanguka kwangu hakukuwa kule kuhamishwa. Kuanguka kwangu ni kwamba niliwaamini. Nilikaa mapokezi nikasema, kweli, kazi ile inahitaji macho. Niliacha kwaya. Mama akipiga simu kutoka kijijini namwambia niko na wageni. Siku moja nikiwa soko la Majengo nanunua mchele, mama mmoja akanisimamisha, akasema ana binti asiyeona, yuko kidato cha tatu, anataka sana kompyuta, afanyeje. Nikamjibu, "Mfundishe kufuma." Nikaondoka zangu.

Mama yule, kama uko humu, nisamehe. Nilikuwa nasema uongo. Mpeleke binti kwenye kompyuta.

Mwezi wa tano wa mapokezi ikaingia simu. Mwanamume, mtaalamu wa maabara wa zahanati moja upande wa Kondoa. Hakusalimia.

"Nataka kuongea na yule aliyefuta majibu yangu. Kila nikipiga mnaniambia ametoka. Niliwachoma akina mama sindano mara mbili kwa ajili yake."

Ningeweza kusema ametoka. Nilikuwa na maneno yote ya mapokezi mdomoni. Nikasema, "Ni mimi, kaka. Na mimi sioni."

Sauti yake ikashuka. Halafu akasema, "Hebu nieleze ilikuwaje."

Nikamweleza kama nilivyowaeleza nyie: maneno yaliyoondolewa, kijani, njano, nyekundu. Nilitegemea anitukane. Akauliza polepole, "Kwa hiyo hakuna neno hata moja? Rangi tu?"

"Rangi tu."

"Basi hata mimi ningefuta," akasema. "Nyekundu na kijani mimi sizitofautishi. Tangu utotoni. Vipimo vya rangi namwomba muuguzi anisomee, na sijawahi kumwambia mtu kwa nini. Nina macho mawili mazima, dada, na ningechapa ndiyo kama wewe."

Ameniruhusu kulisema hili, na kazini kwake sasa wanajua. Lakini siku ile alikuwa hajamwambia mtu mwingine yeyote. Akaongeza, "Sasa wewe unafanya nini hapo kwenye simu?"

Baada ya kukata simu, kilichonipanda hakikuwa huzuni. Ilikuwa hasira. Miezi mitano nilikuwa nimebeba kosa la mtu mwingine pamoja na langu. Langu nilikuwa nalijua: sikuuliza. Lakini aliyeondoa neno akaweka rangi, naye alikuwa na lake, na hakuna aliyemhamishia mapokezi.

Maktaba ile hutengenezwa na watu wa nchi mbalimbali, hadharani, na yeyote anaweza kuwaandikia au kuwapelekea marekebisho. Nikawaandikia siku ileile wakati wa chakula cha mchana, sikio moja na kompyuta, sikio lingine na simu ya kampuni. Jibu lilikuja baada ya wiki: watumiaji wanaoathirika ni wachache, suala limefungwa.

Limefungwa! Mama unayecheka huko nyuma, nimekusikia, hata mimi nilicheka. Nikalifungua tena. Safari hii sikulalamika, nilipeleka marekebisho yenyewe, niliyoyaandika kwa mkono wangu: kabla ya kila jina lirudi neno, na rangi zao wabaki nazo. Wakakataa. Walisema yanaharibu muonekano.

Nikawaandikia: "Mimi sina haja na muonekano wenu. Nina haja ya kujua mnachotaka kufuta." Nikaeleza kilichotupata, sindano za mara mbili na safari za kurudi kwa miguu. Sikuomba huruma. Niliuliza swali moja tu: nani kati yenu atakuja kuwaeleza akina mama hawa kwamba wao ni wachache?

Watu wakaanza kuandika chini yangu. Mmoja, sijui hata ni wa nchi gani, akasema yeye pia hutumia programu ya sauti na alikuwa amekaa kimya miezi yote hiyo. Mwingine haoni rangi. Mwingine anaona vizuri tu, ila ripoti zake huchapishwa kwenye karatasi bila rangi. Wachache wale wakawa wanaongezeka kila siku, na kila siku nilikuwa narudi pale kusukuma. Ikachukua miezi mitatu. Toleo lililofuata lilipotoka, kwenye maelezo yake hakukuwa na habari ya muonekano. Kuliandikwa kwamba maneno yamerudishwa, na jina langu lilikuwepo kwenye orodha ya waliolitengeneza.

Nikaenda kwa mkuu wa kitengo. Alikuwa ameshasikia. Akasema amefurahi, na kwamba naweza kurudi kwenye kazi yangu kwa masharti: kila nitakachofanya kikaguliwe na mwenye macho.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Sirudi kwa masharti ya peke yangu. Weka sharti la wote. Yeyote anayefuta kitu, aone asione, mtu wa pili ahakikishe kabla ya kuchapa ndiyo. Nami nikague kazi za wengine kama wao watakavyokagua zangu."

Akasema atafikiria. Nikamwambia afikirie nikiwa hapahapa, na nikakaa. Kiti nilikitafuta mwenyewe. Mwenzangu wa meza ya pili, yule wa pumzi, alikuwa ametusikia, akaja mlangoni. Alisema, "Bosi, mwezi uliopita nusura nifute mlango wa kuingilia wa zahanati zote. Sikusema. Hilo sharti hata mimi nalitaka."

Likapita siku hiyo. Wiki iliyofuata nilikuwa kwenye meza yangu, na kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa kuweka toleo jipya. Nilivua vipokea sauti vya masikioni, nikafungua spika ili ofisi nzima wasikie. Kitaongezwa. Kitabadilishwa. Kitabadilishwa. Neno kitafutwa halikuwepo. Mwenzangu akasoma upande wake, akasema sawa. Nikachapa ndiyo. Mpaka leo nachapa.

Ninao wa kuwashukuru. Mtaalamu wa maabara, aliyepiga simu na hasira yake, akaniachia siri yake. Mwenzangu ofisini, aliyesema la kwake mbele ya bosi wakati angeweza kukaa kimya. Wale wa mbali walioandika "mimi pia". Mama yangu, ambaye kila nilipomdanganya kuhusu wageni alisema, "Haya, wasalimie," na kesho yake akapiga tena. Na akina mama waliorudi kuchomwa, ambao nilikwenda kuwaomba radhi ana kwa ana. Mmoja alinikatalia. Ana haki yake.

Somo langu kwenu wazazi ni hili. Mtaletewa vitu vingi vimeboreshwa: simu, fomu, mifumo, shule. Ulizeni vimeboreshwa kwa ajili ya nani. Mkijibiwa kwamba nyie ni wachache, msiondoke. Andikeni tena. Na mtoto wako akikosea, akubali kosa lake lote, asipunguze hata kidogo, lakini asikubali kubeba na la aliyemfichia neno. Mimi nilifuta ghala la watu. Na mimi ndiye niliyelirudisha neno ambalo sasa linawazuia wengine wasifute maghala yao bila kujua, wanaoona na wasioona. Yote mawili ni yangu, na hakuna ofisi itakayonihamisha kutoka katika lolote kati ya hayo.