Kitwana Marijani, Aliyeimegea Mashine Maneno

Wazee wetu, ndugu na jirani wa Juani na Chole mliokuja kutushika mkono leo, shikamooni, na poleni, maana msiba huu ni wa sote.

Ndugu yetu Kitwana bin Marijani alizaliwa hapa kisiwani Juani tarehe 12 Machi 1941, mtoto wa tatu wa Mzee Marijani na Bi Somoe, akasoma kwanza chuo cha Kurani, kisha mwaka 1950 akaingia shule ng'ambo, Kilindoni, akilala kwa shangazi yake Biubwa, aliyekuwa akimwachia ukoko wa wali kila jioni.

Mwaka 1964 aliajiriwa serikalini Dar es Salaam, na baada ya mafunzo akakabidhiwa kompyuta, mashine iliyojaza chumba kizima, iliyopanga mgao wa dawa za zahanati za vijijini. Maagizo yake yalikuwa yameandikwa kwa lugha ya juu, iliyo karibu na maneno ya watu, lakini mashine ile ilikuwa na kumbukumbu ndogo, ikawa inayafasiri polepole mno, na dawa zinachelewa, basi tangu mwaka 1972 marehemu aliyaandika yote upya kwa lugha ya chini, ya mashine yenyewe, chukua namba hii, iweke hapa, ongeza ile, peleka kule. Alituambia ni kama kummegea mtoto tonge. Alimaliza Desemba 1975, na mgao uliofuata dawa zetu zilifika kabla ya masika.

Tarehe 5 Julai 1969 alimwoa Mize binti Shaabani wa Chole, wakajaaliwa Hasina mwaka 1970 na Abeid mwaka 1974. Kila akija likizo alijifanya mashine ya Hasina, mtoto akisema, "Mashine, chemsha chai!" hajongei, akisema, "Mashine, weka birika motoni!" analiweka, kavu, bila tone la maji, mpaka Mize apige kelele, "We Kitwana, utanitobolea birika langu!" na mtoto acheke hadi agaegae.

Tarehe 8 Februari 1976 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukafa, kauli ikapotea, na mwenzake wa kazini, Shaibu, akamleta nyumbani, kichwa amempakatia njia nzima. Tulimwambia, "Karibu chakula, Kitwana," akatutazama tu, machozi yakamtoka, tukadhani amekataa, tukakiondoa, kumbe ana njaa. Hasina ndiye aliyejua. Alikaa mkekani akamwambia, "Mashine, fungua mkono. Shika kijiko. Inua. Fungua mdomo." Baba yake akala, na tangu siku ile nyumba nzima, hata majirani, tukawa tunammegea maneno.

Asubuhi ya Jumanne, tarehe 2 Novemba 1976, Hasina alimletea uji, akamwambia ashike kijiko, hakuweza, akamwambia afungue mdomo, hakuweza, mtoto akakiweka kijiko chini, akasema taratibu, "Mashine, fumba macho."

Akafumba.

Ameacha mjane na watoto wawili. Tunamshukuru mganga wa zahanati aliyekuwa akivuka hata kwenye mvua, Bwana Shaibu na wenzake wote wa kazini, Bi Chiku aliyekuwa akimpondea ndizi bila kuombwa, na nyote mliojifunza kusema naye.

Kitwana, ndugu yetu, hatuna tena la kukuagiza. Mola akupumzishe.