Maisha ya Rekta Omer Mbayo, Mume wa Adèle

Mheshimiwa Padri, ndugu, jirani, walimu na wanafunzi mliokuja kulia pamoja nasi, historia hii imeandikwa na Noëlla, binti mkubwa wa marehemu, na inasomwa na Stany, mpwa wa marehemu, kwa sababu Noëlla amesema sauti yake haitafika mwisho.

Tata Omer Mbayo alizaliwa Kasaji tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa Tata Gaston, karani wa stesheni ya reli, na Mama Mushiya, muuza mihogo sokoni, akasoma shule ya msingi kwa mapadri palepale, akamaliza sekondari Kolwezi mwaka 1970, akaingia chuo kikuu Lubumbashi kusomea jiolojia, na mwaka 1985 akarudi kutoka Ubelgiji na udaktari wake, wakati wenzake wengi waliona afadhali kubaki kulekule.

Tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na Adèle Mbelu, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa kucheka kwa sauti, aliyemvumilia mume ambaye hata mezani alizungumzia mawe, na Mungu akawapa watoto watatu, Noëlla, Ruffin na Merdi.

Mwaka 2006 aliteuliwa kuwa rekta wa Chuo Kikuu cha Bonde la Lualaba, ambacho wakati huo kilikuwa vyumba vya kuazima nyuma ya parokia, wanafunzi wakikalia matofali, na hapo akajitoa mwili na roho, akajenga maabara na mabweni, akavuta umeme wa bwawa la Nzilo hadi kampasi, akafungua tawi Kasaji na jingine Dilolo, na vijana waliotoka machimboni na vumbi la kobalti kwenye kucha wakaondoka kwake wakiitwa mainjinia. Hayo ni kweli, na hakuna wa familia hii atakayeyakanusha, ila nyumbani tulimwona kama mgeni, na mke wake alizoea kula peke yake.

Mama Adèle alifariki tarehe 19 Mei 2009, akazikwa katika makaburi ya zamani nyuma ya kampasi. Mwaka 2013 chuo kilipewa eneo hilo ili kijenge ukumbi mkubwa wa mihadhara, na familia zote zikaahidiwa kwamba wafu wao watahamishiwa kwa heshima kwenye makaburi mapya, njia ya Nzilo. Wazee walipomuuliza rekta kuhusu mke wake, alisimama mbele yao akasema, “Kaburi ya bibi yangu itatoka ya mwisho, bantu basiseme rekta anajipendelea.” Walimpigia makofi, na Noëlla, aliyekuwepo siku hiyo, alipiga pia.

Wiki ya mwisho ya kuhamisha, rekta alikuwa Dilolo akikata utepe wa tawi jipya, huku nyuma amri yake mwenyewe ya kumaliza kabla ya mvua ikitekelezwa na mafundi wasiojua ahadi ya mtu, tingatinga likapita, na aliporudi alikuta uwanja umesawazishwa. Hakumwambia yeyote. Alisimamisha msalaba wenye jina la Adèle njia ya Nzilo, akasakafia chini yake vizuri, akawaambia wanawe, ambao wiki ile walikuwa mbali, kwamba kazi imekwisha, na kila tarehe 2 Novemba, siku ya marehemu wote, akaenda nao pale kuweka maua na kusali.

Alistaafu mwaka 2019, na ukumbi ule ukapewa jina lake.

Figo zake zilianza kushindwa Juni 2023. Januari mwaka huu, Noëlla akimlisha uji hospitalini, alimshika mkono akasema, “Noëlla, mama yako haiko kule. Alibakiaka chini ya auditoire,” yaani ule ukumbi wenye jina lake. Kisha akaomba azikwe kando ya msalaba ule, ili watu wasiulize. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Februari 2025, saa tisa alasiri.

Waheshimiwa wa chuo waliomba sehemu hii isisomwe. Noëlla amekataa, kwa kuwa kwa miaka kumi na zaidi alizungumza na mama yake mahali ambapo mama hakuwepo, akamweleza ndoa yake, akamweleza mtoto aliyempoteza, na hilo hajui amsamehe vipi baba yake. Juzi aliwaita wachimbaji, wakavunja sakafu ya msalaba ule, wakakuta udongo mwekundu ambao haujawahi kuguswa. Walipotaka kuanza shimo jingine kando, aliwazuia. Tata Omer anazikwa humohumo, mahali alipoandika jina la mkewe, kwa sababu hapana mtu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwosha kama mzazi wao, tunawashukuru jirani wa mtaa waliolala nje pamoja nasi na kutupikia bukari, ugali wetu, tangu Jumanne, na wenzake wa chuo tunawashukuru kwa maua, ingawa wakati wa ugonjwa tulihitaji zaidi miguu yao. Wanafunzi, mkiingia katika ukumbi ule, ingieni taratibu.

Tata Omer, ulale kwa amani, kama inawezekana. Na wewe Mama Adèle, huko uliko chini ya viti vya watu, utusamehe.