Mzee Kornelio na Masale Yaliyotembea

Bwana Yesu asifiwe, asalaam aleikum, na wazee wangu wa Shambalai, onga mshi. Naitwa Benjamini Yohane, mjukuu wa marehemu, ukoo umenipa kazi ya kusoma historia hii ingawa shule niliiacha kidato cha pili, kwa sababu wenye digrii walipojaribu jana walilia wote, na mimi sauti ninayo, tena nzuri, na marehemu alikuwa mtani wangu, kwa hiyo nikimchokoza msininunie.

Marehemu Mzee Kornelio Shemweta alizaliwa tarehe 12 Machi 1948 katika kijiji cha Malindi, wilaya ya Lushoto, akabatizwa mwaka huohuo, na inasemekana hata siku ya ubatizo alimkazia macho mchungaji kama anayeuliza maji hayo yametoka mto upi.

Alisoma darasa la kwanza hadi la nne, mwaka 1957 hadi 1960, akaishia hapo, mnaona basi akili zangu zimetoka wapi.

Mwaka 1969 aliajiriwa kuwa tarishi wa tarafa yetu ya Mlimani, akapeleka barua kwa miguu hadi huko Mtae, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2003, na katika kazi hiyo ndipo alipojifunza kutomwamini mtu, maana aliona vijiji vinalala tarafa hii vinaamka tarafa ile, bila mwenye kijiji kuulizwa.

Tarehe 8 Januari 1972 alifunga ndoa na bibi yetu Scholastica, aliyetoka tarafa ya Bondeni, ng'ambo tu ya shamba, na ndugu zake walimwonya kwamba huyo ametumwa kupeleleza mpaka, naye akawajibu kwamba hata yeye anashuku hivyo, ila anapika vizuri. Walijaliwa watoto watatu, Beatha, Yohane ambaye ni baba yangu, na Glory, na wajukuu kumi na mmoja, mimi nikiwa ndiye mzuri kuliko wote.

Sasa jambo ambalo wote mnalijua, na mnanitazama kuona kama nitaliruka. Kati ya shamba letu na shamba la Mzee Jafari kuna mstari wa masale, mimea yetu ya kupanda mpakani, na masale hayohayo ndiyo mpaka wa tarafa ya Mlimani na tarafa ya Bondeni, na marehemu maisha yake yote aliamini kwamba Jafari anayasogeza. Kila asubuhi, kabla ya chai, alishuka kuyaangalia, akirudi bibi anamuuliza, "Baba Beatha, yamelala salama?" naye anajibu, "Yamelala, lakini yamegeukia kwetu." Makatibu tarafa wote wawili waliwahi kuitwa, nawaona hapa leo kila mmoja na benchi lake, tunawashukuru kwa kufika, ingawa barabara yetu ilipokatika kila mmoja alisema sisi ni watu wa mwenzake.

Marehemu alianza kusumbuliwa na presha na miguu mwezi Septemba 2023, akatibiwa, akapata nafuu, akazidiwa tena, na tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akafariki nyumbani kwake. Kabla ya hapo alituachia wosia, azikwe chini kwenye mipeasi, karibu kabisa na masale, kwa sababu sale hung'oka lakini kaburi halisogezwi, na Jafari atakoma.

Tukachimba jana palepale alipotuonyesha, na katikati ya kaburi majembe yakagonga visiki vya masale, mstari mzima, vimekatwa kwa panga, mizizi bado ina rangi ya chungwa. Wachimbaji kila mmoja akajifanya anafuta jasho, kwa sababu kila Mshambaa aliyekuwa pale alielewa kwamba mpaka wa zamani ulipita hapo, kwamba masale yalitembea kweli, ila yalitembea kwenda kwa Jafari. Aliyeyahamisha hatumjui. Marehemu alikuwa na panga, baba yake pia alikuwa na panga, na bibi ukimuuliza anaanza kukohoa.

Ikabidi ukoo umpelekee Mzee Jafari habari, kwa sababu nusu ya kaburi ni shamba lake, na akikataa hatuna mahali pa kutimizia wosia. Nilikwenda na baba, nikampa shikamoo, akaitikia, akaja akainama kwenye shimo, akavitazama visiki muda mrefu, sisi tukishuku kwamba anatafuta maneno ya kututukana. Kisha akasema, "Chimbeni. Alinichunga kwa mbali miaka yote, mwacheni sasa aje anichunge kwa karibu." Akachukua jembe akachimba upande wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa tarafa zote mbili, watumishi wenzake wa zamani, wachungaji na wanakwaya, na Mzee Jafari, ambaye mimi bado namshuku kidogo, maana wema wa namna ile si wa kawaida.

Babu, kichwa chako kiko Mlimani na miguu yako iko Bondeni, wenye tarafa wagombane wenyewe. Kesho asubuhi usiamke kuyaangalia masale, Mzee Jafari amesema atayaangalia yeye. Pumzika kwa amani.