Fito za Kalmurza

Ndugu, jamaa na majirani, historia hii, kwa niaba ya familia, inasomwa na Mwalimu Sadyrkul, shemeji wa marehemu, aliyewafundisha wengi wenu kusoma, naye anaomba mtulie mpaka mwisho kama mlivyokuwa mkitulia darasani, kwa sababu akishamaliza imamu atawauliza, kwa desturi yetu, marehemu alikuwa mtu wa namna gani, na familia haina hakika mtajibu nini.

Marehemu Kalmurza Ysakov alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha zamani cha Jer-Bulak, ambacho leo kimelala chini ya maji ya bwawa, akiwa mtoto wa tatu wa mchungaji Ysak na Mama Batma, akasoma shule ya kijiji hicho kuanzia mwaka 1958 hadi 1966, kisha akajifunza ufundi mjini Naryn, na tarehe 2 Septemba 1974 akaajiriwa bwawani kuwa mpima kina cha maji, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2009.

Siku ya kwanza kazini alitia sahihi karatasi ya kuapa kwamba hatamwambia mtu yeyote ni lini milango ya bwawa itafunguliwa, na hapo ndipo watu walipoanza kumtazama kwa jicho la pembeni, kwani mtu anayejua jambo na hasemi, kijijini hapati marafiki wengi.

Tarehe 5 Novemba 1977 alimwoa Burmakan, dada yake Mwalimu, wakajaliwa watoto watatu, Sezim mwaka 1979, Nurdin mwaka 1982 na Aichurok mwaka 1986.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mmoja hapa analifikiria. Sisi sote wakati wa baridi tunavua samaki aina ya trauti kwa kutoboa matundu kwenye barafu ya bwawa, na sote tunaijua sheria yetu, kwamba ufito uliosimikwa kando ya tundu una mwenyewe, na anayevua kwenye tundu la mwenzake ni sawa na aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha hodi. Kalmurza alisimika fito thelathini, na miaka mingine arobaini, katika ghuba ya mashariki, pale mdomoni mwa kijito ambako trauti hujazana, wala hakuna aliyewahi kumwona akitoka huko na samaki. Wengine walisema anauza kwa siri mjini, wengine walisema, "Kaoa bwawa zima, bado kulipa mahari tu!" na vijana wakaangua kicheko.

Mnamo Februari 1996 jirani yetu Öskön aling'oa ufito mmoja akaanza kutoboa barafu, marehemu akaja mbio na kumpokonya keke mikononi.

"Ghuba hii umerithi kwa nani, Kalmurza?"

"Ina mwenyewe."

"Nani huyo?"

"Mimi. Chukua ndoana zako uende, bwana."

"Mchoyo wewe! Hata mbwa akishashiba huwaachia wenzake mfupa."

Siku tatu baadaye barafu ya pale ilibomoka yote, hapakuwa na mtu juu yake, na Öskön akatangaza kwamba Kalmurza ameivunja kwa mtaimbo ili wengine wasivue. Wengi waliamini, na Mwalimu naye aliamini, hata akakaa majira mawili ya baridi bila kukanyaga nyumbani kwa dada yake, jambo ambalo leo anawaomba radhi mjane na mayatima wa nyumba ile.

Marehemu alianza kukohoa tarehe 12 Desemba 2018, akalazwa hospitali ya wilaya tarehe 4 Januari, mapafu yakashindwa, na akafariki alfajiri ya Alhamisi, tarehe 17 Januari 2019.

Jana, baada ya chai, Burmakan akiwa ndani ya hema la msiba alisikia mtu akisema nje, "Basi, ghuba haina mwenyewe tena, Jumapili twendeni na keke zetu," ndipo alipomwita kaka yake na kumweleza alichokuwa ameapa kukificha maadamu mumewe yu hai. Yeye mwenyewe alimshuku kabla yenu, mwaka 1988, akidhani ana mwanamke ng'ambo, akamfuata asubuhi moja, akamkuta anatambaa kwa tumbo juu ya mlango wa zizi alioulaza kwenye barafu ili isivunjike chini yake, akitumbukiza tunduni kijiti chenye alama. Milango ya bwawa ikifunguliwa maji hushuka, barafu ya ghubani ikabaki inaning'inia kama dari isiyo na nguzo, na kila mahali kijiti kilipokosa maji alisimika fito. Tangu siku hiyo Burmakan ndiye aliyeshika kamba iliyofungwa kiunoni mwa mumewe, kila baridi, miaka thelathini.

"Kwa nini usiwaambie, baba Sezim?" alimwuliza.

"Nikiwaambia ni hatari, vijana watakuja kupima ushujaa. Nikiwaambia ina mwenyewe, watapita mbali."

Fito za mwaka huu ni arobaini na moja, alizisimika tarehe 2 Januari huku akikohoa, na zingali zimesimama. Öskön, ndugu yetu, hakuna anayekulaumu, sote tulizisoma fito zile na sote tulikosea, lakini mlango wa zizi na kamba viko uani kwa Burmakan, na mikono yake imezeeka, na kesho ni Jumapili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wilaya, wafanyakazi wenzake wa bwawani, na majirani mliochimba kaburi katika ardhi iliyoganda kama jiwe. Imamu sasa ataliuliza swali lake, nanyi mjibu kwa mnavyojua leo, si kwa mlivyojua jana.

Kalmurza, udongo wako uwe laini kama hariri, na upumzike bila wasiwasi, kwani hapo ulipolala tumepima wenyewe, chini hapana utupu.