Linazunguka, Haliwaki: Maisha ya Usta Setrak Kundurajian, 1946–2018

Mheshimiwa Padri, wafiwa wenzangu, majirani wa Burj Hammud, na nyinyi mafundi mliokuja leo na mikono iliyosuguliwa mpaka haitambuliki, familia imenikabidhi mimi Vahe, shemeji wa marehemu, karatasi hii niwasomee, na imeniomba nisitie chumvi, nami nimekubali, ingawa maisha ya Usta Setrak yalikuja na chumvi yake tayari.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 14 Machi 1946, katika kibanda cha mbao na mabati kando ya Mto Beirut, akiwa mtoto wa nne na wa mwisho wa Mzee Nshan, mshona viatu, na Mama Yeghsapet, ambao wote wawili waliletwa Lebanoni wakiwa yatima wakimbizi kutoka mji wa Marash. Mama yake alisimulia kwamba mtoto hakulia, mkunga akamchapa kofi, kimya, akamchapa la pili, kimya, la tatu ndipo alipolia mpaka majirani wakafungua madirisha, na Setrak mwenyewe alidai hadi uzeeni kwamba makofi yale mawili ya kwanza alikuwa anamsikiliza mkunga, apate kujua kama anaijua kazi yake.

Kuhusu elimu, alisoma shule ya kanisa letu kuanzia Oktoba 1953, akafika darasa la sita, na masomo yake yakakoma tarehe 22 Mei 1959, siku ambayo gari la Mwalimu Mkuu Onnig lilizunguka, likazunguka, likakataa kuwaka mbele ya shule nzima, mafundi wawili wakaitwa wakalifungua na kulifunga, ndipo Setrak, mwenye miaka kumi na mitatu, akasogea akasema, "Mwalimu, gari lako linavuta pumzi, ila halina pa kuitolea," akaingiza vidole kwenye bomba la moshi, akachomoa kitambaa cha kufutia ubao kilichotafutwa darasa la sita tangu asubuhi. Mwalimu alimpongeza kwa kulijua tatizo, kisha akamfukuza kwa kulijua haraka mno.

Tarehe 1 Juni mwaka uleule alianza kazi kwa fundi mkuu, Usta Baghdik, karibu na daraja, na tarehe 3 Februari 1969 akafungua gereji yake katika mtaa huu huu, chini ya nyumba yake, ambako kwa miaka arobaini na tisa alitibu magari ya kila namna, lakini ugonjwa aliojaliwa kuutambua kuliko binadamu yeyote kati ya Tripoli na Sidoni ulikuwa ule wa injini inayozunguka na kukataa kuwaka, maana ile isiyozunguka kabisa, alisema, hata bibi harusi anajua ni betri. Alimwambia mwenye gari apige stata mara tatu, basi, ya kwanza akainamisha sikio juu ya boneti kusikiliza kama inazunguka kwa uzito wake au inateleza bila pumzi, ya pili akaenda nyuma kunusa kama kuna petroli, ya tatu akasogeza waya wa plagi karibu na chuma kutazama cheche, na baada ya hapo hakugusa kitu, aliagiza kahawa, na kikombe kilipokwisha jibu lilikuwa tayari. Yupo humu ndani mtu wa Zahle aliyempigia simu lori lake likiwa limekwama, akaambiwa ashike simu karibu na injini huku dereva akipiga stata, na jibu likarudi palepale, "Mkanda umeruka meno mawili, na mwambie mkeo apunguze redio."

Marehemu alifunga ndoa takatifu na dada yangu Azniv tarehe 9 Septemba 1973, na ndoa hiyo ilichelewa miezi mitatu kwa kosa lake mwenyewe, kwa kuwa alipokwenda kuposa alimkuta baba yetu, Mzee Krikor, dereva wa teksi, ameinama kwenye injini iliyokataa kuwaka huku abiria wanne wakimcheka, naye badala ya kunyamaza akanusa mara moja, akagonga tangi kwa kidole, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza mikate ya nyama ya lahmajun, "Baba, gari lako si gonjwa, lina njaa." Mshale wa mafuta ulikuwa umekwama nusu. Baba alimjibu, "Mafuta nitatia, mwali sikupi," na Mama ndiye aliyekuja kuyamaliza.

Miaka ya vita, wenye bunduki walipokuwa wakijichukulia gari lolote lenye magurudumu, marehemu alifanya kazi ambayo wengi wenu mnaishukuru mpaka leo, aliwafungia watu swichi za siri, ndogo kama kifungo cha koti, ambazo ukizibonyeza injini inazunguka vizuri kabisa lakini haiwaki ng'o, akazificha nyuma ya redio, ndani ya kisahani cha majivu, chini ya mpini wa mlango, na mahali pa kila moja palijulikana na watu wawili tu, mwenye gari na yeye. Magari arobaini na matatu aliyafungia, wezi wakapiga stata mpaka betri zikafa, wakaondoka kwa miguu wakitukana, na ni mawili tu yaliyopotea, moja kati ya hayo kwa sababu mwenyewe alimwonyesha binamu yake. Pejo yake nyeupe, aliyoinunua mwaka 1974, haikuibwa hata siku moja, naye alisema ni kwa sababu ya sura yake mbaya.

Mungu aliwajalia watoto watatu, Ara aliyezaliwa 1974 na anayeishi Montreali, Shahen aliyezaliwa 1976 na anayeishi Sidni, na binti yao Lusin aliyezaliwa tarehe 30 Aprili 1979, aliyefundisha hesabu kwa miaka saba, kisha mwaka 2009 akaacha chaki akavaa ovaroli ya baba yake. Hapa ni lazima niwaeleze mtihani. Usta Setrak alipoona mtu ameiva, aliiharibu injini kwa siri, akamkabidhi ufunguo na kumwambia, "Linazunguka, haliwaki. Niambie kwa nini, na usibadilishe hata skrubu," na aliyejibu alipewa spana namba kumi na tatu yenye jina lake, ikatundikwa ukutani, na tangu siku hiyo mtaa mzima ukamwita usta, yaani fundi kamili. Spana ukutani zilikuwa kumi na moja, zote za wanaume, na hata huyu anayewasomea alishindwa mara mbili, na mpaka leo anasema swali halikuwa wazi.

Lusin aliomba mtihani huo mwaka hadi mwaka, na kila mara baba yake alimjibu, "Wewe ni mwanangu, mtihani ni wa watu wa nje," akampa kazi nyingine, na Usta Mihran wa gereji ya ng'ambo ya barabara, ambaye tunampenda na yuko kiti cha pili, hakukosa kumchokoza, "Lusin, bado unamshikia baba tochi?" Lusin alicheka pamoja nao, lakini mama yake Azniv alijua kwamba binti akipanda juu nyumbani alikaa muda mrefu akinawa mikono iliyokwisha takata.

Tarehe 9 Juni 2018 marehemu alipatwa na kiharusi, akalazwa siku kumi na tisa, akarudi nyumbani bila sauti na bila upande wa kulia. Wanawe kutoka ng'ambo walisema kwa upendo kwamba mkataba wa kukodi gereji unakwisha tarehe 30 Septemba, kwamba gereji isiyo na usta ni chumba tu, na kwamba warudishe funguo, naye Lusin akautazama ukuta, ambao haukuwa na spana yenye jina lake, na kila mtu alijua kuhesabu.

Tarehe 17 Septemba marehemu aliashiria kwamba anataka kukaa ndani ya Pejo yake, tukambeba tukamketisha nyuma ya usukani, akakaa nusu saa peke yake, Azniv akalia akidhani anaaga, tukamrudisha kwenye kiti chake cha baraza ya juu. Kesho yake Lusin alipiga stata, Pejo ikazunguka, haikuwaka. Mihran akavuka barabara, akavuta waya moja kwa moja kutoka betri hadi kwenye koili, haikuwaka, akaleta koili yake, akaleta na distributa yake nzima, akasema, "Binti, funga hii tumalize, mtaa unatazama," Lusin akamjibu, "Usta, sibadilishi hata skrubu," Mihran akainua macho barazani na kusema, "Haya, baba na mwana, nyumba moja ya vichaa."

Siku tatu mtaa ulitazama. Siku ya tatu, tarehe 20, Lusin aliunga taa ya kupimia pale umeme unapotoka kwenye koili, akapiga stata, na taa ambayo ingepaswa kupepesa ilibaki giza, akachomoa waya unaoingia kwenye distributa, taa bado giza, akasimama akaifuta mikono yake polepole. Kisha akachana utepe uliofunika nyaya, akakuta mbili mahali pa mmoja, akaufuata ule wa pili chini ya zulia mpaka kwenye kiti cha dereva, penye kiraka cha ngozi alichoshona Mzee Nshan kwa uzi wa viatu. Hakukigusa. Alipanda ngazi, akapiga magoti mbele ya baba yake, akasema, "Baba, umeme unafika kwenye koili, ukitoka unapotelea kwenye bodi ya gari kabla ya kuifikia distributa, kwa sababu kuna waya wa pili na swichi, na swichi iko chini ya kiraka cha babu, upande wa kushoto wa kiti, na humu ndani yuko mtu mmoja tu ambaye mkono wake wa kushoto ndio unaofanya kazi."

Marehemu alicheka kwa nusu ya uso iliyobaki, akapeleka mkono chini ya blanketi, akatoa spana namba kumi na tatu, imechorwa LUSIN, na mwaka 2010, herufi zimenyooka kama za kiwandani, zimeandikwa kwa mkono wa kulia, mkono ambao ulikuwa umekufa tangu Juni. Lusin aliisoma mara mbili, akasema, "Miaka minane, Baba?" kisha akashuka, akabonyeza kiraka, na Pejo ikawaka kwa stata ya kwanza, na Mihran ndiye aliyepiga makofi ya kwanza, naye asikatae. Mkataba mpya wa gereji Lusin aliusaini tarehe 29.

Tangu siku hiyo Lusin aliiwasha Pejo chini ya baraza kila asubuhi, na Jumanne, tarehe 6 Novemba 2018, saa mbili na robo asubuhi, injini iliwaka mara moja, marehemu akainua kidole kimoja kumwonyesha Azniv, na dakika chache baadaye, Pejo ikiwa bado inanguruma, akatutoka. Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano na spana kumi na mbili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia ingawa aliwaonyesha kwa ishara jinsi ya kuitengeneza feni ya wodi, majirani waliotuletea chakula tangu Jumanne, mafundi wote waliofunga gereji zao leo, na Usta Mihran kwa distributa ambayo hatukuihitaji. Pejo iko nje ya kanisa, nayo ndiyo itakayotangulia kwenda makaburini, Usta Lusin akiendesha, na yule kijana aliyekuwa anakikagua kile kiraka cha kiti asijisumbue, swichi imeshahamishwa.

Setrak, umepiga stata zako zote, na umewaka kila mara. Zima sasa, Usta, ufunguo uko kwenye mkono mzuri. Pumzika kwa amani.