Dakika Saba Getini

Mheshimiwa Mkurugenzi, wakuu wa idara, ndugu wageni waalikwa, madobi wenzangu, nawe mke wangu unayenikazia macho nisirefushe maneno: nawasalimu nyote.

Waliotangulia wamenisifu mpaka nikatamani kuingia chini ya meza. Wamesema jeshi lilinifunza nidhamu nami nikaileta hapa. Kwamba kwa miaka kumi na tisa ya usimamizi sikuchelewa hata siku moja. Na sasa ninapostaafu mmenizawadia saa. Ndugu zangu, laiti mngejua saa hii inavyonichoma!

Jeshini nilifunzwa mambo mawili: usichelewe, na usimwache mwenzako nyuma. Nilipovua magwanda nikaja kwenye udobi huu, la kwanza nililibeba. La pili sijui nililiacha wapi. Kila asubuhi, saa moja kamili, nilifunga geti kwa mkono wangu. Mkaniita Sajenti, nikavimba kichwa.

Mnamfahamu Mama Pasi, aliyenyoosha hata shati hili nililovaa. Miaka sita iliyopita alifika amechelewa dakika saba, anahema, kiatu kimoja tu mguuni.

"Afande, mume wangu..."

Nikamkata. "Visingizio peleka nyumbani. Rudi kesho."

Akajaribu tena, nikampa mgongo.

Je, alikuja kufanya kazi? Wapi! Alikuja kuomba gari letu la kusambazia nguo limkimbize mumewe hospitali, maana mzee alikuwa ameanguka bafuni na upande mmoja wa mwili umelegea. Gari lilikuwa hatua kumi nyuma yangu, dereva anasoma gazeti. Kupata usafiri mwingine kulimchukua saa tatu. Mzee mwenyewe yule pale, safu ya tatu, na fimbo yake. Daktari alisema angewahishwa, huenda mkono wake uliopooza ungepona.

Nilipopata habari, mnadhani niliomba radhi? Nilimwandikia Mama Pasi ruhusa ya siku mbili, nikajiona muungwana. Wahenga walisema majuto ni mjukuu; wangu tayari anasoma shule. Naona aibu, jamani, na aibu hii si ya jeshi. Jeshi lilinifunza yote mawili, mimi nikachagua lile jepesi.

Nawashukuru kwa zawadi, na zaidi kwa kunisikiliza mpaka mwisho, heshima ambayo mimi nilimnyima mtu.

Mama Pasi, nisamehe. Njoo ushike kipaza sauti. Siku ile ulifika kwenye "mume wangu". Endelea hapo hapo, dada yangu. Nitasimama hapa mpaka umalize.