Fundi Gaudensi Nandonde, Aliyekwenda Kuteka Maji (1951–2007)

Marehemu Gaudensi Stefano Nandonde alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika kijiji cha Lukuledi, Wilaya ya Masasi, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano wa Mzee Stefano Nandonde na Mama Agata. Mimi ninayesoma ni dada yake anayemfuata. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Lukuledi tangu 1959 hadi 1965, kisha akajifunza uchomeleaji wa vyuma kwenye karakana ya misheni kwa miaka mitatu. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alikuwa mtu wa kupima. Wenzake walimwita Bwana Tena, maana kila akitajiwa kipimo alisema, "Ngoja nipime tena."

Mwaka 1971 aliajiriwa Bandari ya Mtwara, akachomelea ngazi, mageti na matela kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyeungua mikononi mwake. Mwaka 1994 aliacha kazi kwa hiari, akahamia karakana ya kampuni ya malori hapa mjini. Jina la kampuni silitaji. Baadhi yao wamefika leo, na wamepewa viti.

Tarehe 24 Julai 1976 alifunga ndoa na Agnes. Kwa ajili ya harusi alitengeneza kitanda cha chuma, akakiunga kizima. Mara hiyo moja hakupima: mwenye nyumba alimwambia mlango una futi tatu, naye akaamini. Ulikuwa na futi mbili na nusu. Kitanda kililala nje siku mbili, na maharusi wakalala kwenye mkeka. Wifi yangu akasema, "Kitanda kimepata uwanja, sisi tumepata sakafu." Tangu hapo marehemu hakupokea tena kipimo cha mdomo kwa mtu yeyote.

Alhamisi, tarehe 15 Januari 1998, msimamizi wa karakana alitaka pipa la petroli lipasuliwe kati, yapatikane makaango mawili ya korosho kwa shamba la tajiri. Pipa lilikuwa tupu tangu Krismasi. Marehemu alikuwa na sheria yake: pipa la petroli halikatwi mpaka lijazwe maji. Petroli ikimwagwa, mvuke wake unabaki ndani, na mvuke huo ukikutana na moto hauwaki tu, unalipuka. Siku hiyo bomba la karakana lilikuwa kavu. Akachukua ndoo mbili, akamwambia fundi mwenzake, Rashidi Omari wa Ziwani, "Usiliguse mpaka nirudi." Akaenda kisimani.

Msimamizi akapita. Mafundi wawili walimsikia akimuuliza Rashidi anangoja nini, pipa si tupu hilo, akate. Saa nne na dakika arobaini asubuhi likalipuka. Marehemu alikuwa njiani anarudi, ndoo zimejaa. Rashidi alifia palepale akiwa na miaka thelathini na minne. Alimwacha mkewe Husna na watoto wawili.

Wakaja wataalamu watatu. Walikaa siku mbili, wakaandika ripoti ya kurasa kumi na moja. Ukurasa wa saba ulisema hivi: pipa lilikuwa tupu, kwa hiyo haliwezi kuwa chanzo cha mlipuko, chanzo kinachowezekana ni sigara ya aliyekufa, na fundi mkuu Nandonde hakuwepo kazini. Mistari mitatu, makosa matatu. Rashidi hakuwahi kuvuta sigara maisha yake yote, na siku ile Ramadhani ilikuwa imefika nusu, alikuwa amefunga. Fundi Nandonde alikuwa kisimani, kwa kazi ileile. Na kama pipa halikuwa na kitu, hiyo sigara ililipua nini? Hilo hawakuliandika. Msimamizi hawakumuuliza, na wale mafundi wawili hawakuitwa.

Marehemu aliandika barua sita kwa mkono wake. Alitaka mambo mawili tu: jina la Rashidi lisafishwe, na sentensi ya pipa tupu ifutwe kabla haijaua mwingine. Akajibiwa mara moja, kwamba ripoti imeshafungwa.

Mwaka 2003 kampuni ilipachika kibao ukutani, kimenakiliwa kutoka ripoti hiyohiyo: mapipa yaliyojaa yawe mbali na moto, mapipa matupu yapangwe upande wa kuchomelea. Upande wa kuchomelea, jamani. Mwezi Agosti fundi Nassoro alitii kibao, akachomelea kando ya pipa tupu, likalipuka. Leo ana jicho moja.

Hapo nikamwambia kaka kwamba barua haibishani, inalala kwenye faili. Anayetaka bei aende dukani. Mimi nilianza na sinia la samaki wa kukaanga, sasa nina duka la vitenge, na sikufika huko kwa kuandika barua. Novemba tukaenda ofisini kwa ofisa mwenye ripoti ile. Nikaomba ripoti mpya. Haiwezekani. Nikashuka, nikaomba karatasi moja ya marekebisho. Haiwezekani. Nikashuka tena: mstari mmoja kwa kalamu, na mhuri. Ofisa akacheka. "Mama, ripoti si kitenge, haipunguzwi bei."

Nikamjibu, "Kitenge changu kikiwa na tundu, baba, namwonyesha mteja kabla hajalipa."

Hapo marehemu akainuka. Akatoka, akarudi anaviringisha pipa tulilokuja nalo kwenye mkokoteni. Akalisimamisha kando ya meza, akafungua kizibo, akaweka kiberiti juu ya ukurasa wa saba. "Mheshimiwa, hili ni tupu. Ripoti yako inasema halina hatari. Washa."

Ofisa alisimama, akafungua madirisha yote, akaita askari wa mlangoni alitoe.

Pipa lile lilikuwa langu, la maji ya nyumbani. Halijawahi kuonja petroli. Gaudensi asingeingiza pipa la petroli kwenye chumba chenye watu, hata watu wale. Lakini ofisa hakulijua hilo. Alichokijua ni kwamba ukurasa wa saba ni uongo. Mkono wake ulikataa kuwasha kiberiti, na mkono huohuo ukakataa kuandika mstari mmoja. Mpaka leo haujaandika.

Marehemu aliugua kisukari tangu 2002. Mwezi Mei mwaka huu alipata kidonda mguuni, Agosti mguu ukakatwa, na Jumanne tarehe 9 Oktoba 2007, saa mbili asubuhi, alifariki katika Hospitali ya Mkoa, Ligula. Wiki moja kabla aliniambia, "Ripoti inakaa kabatini. Programu ya mazishi yenye picha ya mtu haitupwi." Nikamwelewa. Nimechapisha mia nne. Tafadhali mwende nazo nyumbani, mkazibandike penye kazi.

Marekebisho ya ukurasa wa saba: Pipa la petroli lililo tupu lina hatari zaidi kuliko lililojaa. Lijaze maji kabla ya kulikata. Rashidi Omari hakuvuta sigara. Gaudensi Nandonde alikuwa kazini.

Marehemu ameacha mjane, Agnes, watoto watatu, Isaya, Happiness na Petro, wajukuu sita, na wadogo zake wanne. Pamoja nasi yupo Husna, aliyekuja kutoka Ziwani akiwa amefunga, na ambaye marehemu alimhesabu kuwa ndugu.

Lile pipa la bluu mnalotekea maji hapo nje ndilo lililosimama kwenye meza ya ofisa. Leo limejaa, nimelipima mwenyewe.

Ndoo ziweke chini, kaka. Maji yamefika. Upumzike kwa amani.